Namna ya kusoma faili la rufaa kwenye kesi ya ubakaji wa mtoto (Tanzania Bara)

Wanaonipigia simu kuhusu hizi kesi ni watu wa aina mbili. Kuna mama ambaye mwanae alifanyiwa ukatili, kesi ikaenda mpaka mwisho, jamaa akala miaka 30, alafu baada ya miaka minne anakutana nae sokoni anatembea zake, mama anauliza imekuwaje. Na kuna ndugu wa mfungwa, kaka mtu au mke, anasema huyu kasingiziwa, ule ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, tunamtoaje. Wote huwa nawauliza kwanza swali moja: mwenendo wa kesi mnao, yaani ile kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani? Mara nyingi hawana. Wana nakala ya hukumu iliyokunjwa kunjwa, au wana maneno ya mtaani tu, "kahonga", "wakili alilala", "serikali haikujipanga".

Mimi siyo wakili, ni msaidizi wa kisheria, nazunguka magereza na vijiji vya Kanda ya Ziwa huku na mafaili ya namna hii nimeyasoma mengi mpaka mengine yakaninyima usingizi. Naandika hapa namna ya kulisoma faili vile majaji wa rufaa wanavyolisoma, maana majibu ya yule mama na majibu ya yule kaka yamo kwenye makaratasi yaleyale.

Nayasema haya kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya adhabu na Mahakama Kuu yao. Na namba za vifungu nazotaja ni zile utakazozikuta kwenye hukumu nyingi zilizoko mtandaoni, toleo jipya la sheria lililoanza kutumika Julai 2025 limesogeza baadhi ya namba, kwahiyo ukiwa unaandika kitu cha kupeleka mahakamani hakikisha kwanza.

Rufaa siyo kesi kuanza upya

Hili watu wengi hawalijui na linaumiza sana. Kwenye rufaa mtoto haitwi tena kuja kueleza, daktari haitwi, jirani aliyesikia kelele haitwi. Mahakama inaweza kuruhusu ushahidi wa nyongeza lakini ni kwa nadra mno. Majaji wanakaa na rekodi, yaani yale aliyoyaandika hakimu siku ile mtoto amesimama mbele yake. Kama mtoto alisema kitu na hakimu hakukiandika, kwa jaji wa rufaa hakikusemwa. Kama mtoto alilia dakika kumi kabla ya kuongea na hakimu hakuandika, kwa jaji hakulia. Ndo maana nasema usianze na hukumu, anza na mwenendo, hukumu ni maoni ya hakimu kuhusu kilichotokea na mwenendo ndo chenyewe.

Hizi kesi nyingi zinaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Rufaa ya kwanza inaenda Mahakama Kuu. Hapo jaji ana wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya kama vile anaukuta leo, aupime mwenyewe na afikie uamuzi wake, isipokuwa akumbuke kwamba yeye hakuwaona mashahidi. Hilo ni la zamani, toka ile kesi ya Pandya ya 1957 enzi za mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, na mpaka leo linanukuliwa. Kwahiyo rufaa ya kwanza ndo sehemu ya kupeleka kila kitu, sheria na ushahidi, usibakize kitu mfukoni.

Rufaa ya pili inaenda Mahakama ya Rufani, majaji watatu, na hapo mlango ni mwembamba. Wanaangalia hoja za kisheria. Kama mahakama mbili za chini zote zimemwamini mtoto, Mahakama ya Rufani haitaingilia mpaka ionyeshwe kwamba ushahidi ulieleweka vibaya au kuna kitu cha msingi kilirukwa. Na sababu mpya ambayo hukuitoa Mahakama Kuu wataikataa, labda iwe ni hoja ya sheria tupu. Nimeona wafungwa wanaandika sababu kumi na tatu mpya kule Mahakama ya Rufani, kumi na moja zinatupwa ukurasa wa tatu wa hukumu, inasikitisha kwa sababu nyingine zilikuwa na uzito kama zingesemwa mapema.

Kupata karatasi, na siku zinazohesabika

Siku zinaanza kukimbia pale pale hukumu inaposomwa. Notisi ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10, na hati ya rufaa yenyewe yenye sababu ni ndani ya siku 45, ila ule muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwahiyo omba nakala kwa barua, siyo kwa mdomo, na barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na kopi. Tarehe mliyoomba na tarehe mliyopewa, ziandike sehemu. Mfungwa anapitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza na huko ndo ofisi yake ya posta, zikichelewa siyo kosa lake lakini itabidi aeleze, anaomba kuongezewa muda kwa kuonyesha sababu ya msingi.

Kwenda Mahakama ya Rufani notisi ni siku 30 toka uamuzi wa Mahakama Kuu.

Sasa mama wa mtoto. Wewe kwenye hiyo kesi ni shahidi, mwenye kesi ni Jamhuri, yaani serikali, kwahiyo kama mtuhumiwa kaachiwa huwezi kukata rufaa mwenyewe. Anayekata ni Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, na yeye pia ana siku 30 za kutoa notisi. Kwahiyo usikae nyumbani kulia mwezi mzima, nenda ofisi ya mashtaka ya mkoa wiki hiyohiyo, na namba ya kesi mkononi, uliza kama wanakata rufaa na kama hawakati wakueleze kwanini. Una haki ya kuuliza na wapo mawakili wa serikali wanaokaa na mama wakamweleza vizuri tu.

Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani ziko bure TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, unatafuta kwa namba ya rufaa. Mtoto kwenye hukumu huwa anatajwa kwa herufi tu, au "mhanga". Na wewe ukiongea na watu fanya hivohivo, jina la mtoto lisizunguke kwenye magrupu ya wasap kwa sababu hata kama mna hasira namna gani ni yeye ndo ataishi nalo.

Sasa fungua faili. Anza na hati ya mashtaka

Ni karatasi moja lakini majaji wanaanzia hapo na wewe anzia hapo. Angalia vifungu, tarehe, mahali, umri wa mtoto. Kosa la kubaka mtoto liko kifungu cha 130(1) na (2)(e) cha Kanuni ya Adhabu: chini ya miaka 18 ridhaa haina kazi, hata mtoto aseme alikubali, hata ikutwe meseji za mapenzi kwenye simu. (Sheria imeacha tundu kwa aliye mke wa huyo mshtakiwa mwenyewe na ana miaka 15 au zaidi, tundu ambalo mimi naona lingezibwa zamani.) Adhabu iko 131, miaka 30 kwenda juu mpaka maisha, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha moja kwa moja. Kulawiti ni kifungu cha 154, na aliyefanyiwa akiwa mtoto ni maisha.

Hivi vifungu viliingia na SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Hati kukosea kifungu kidogo tu haimtoi mtu siku hizi, kama maelezo ya shtaka yalimfanya aelewe anashtakiwa nini. Kinachoua kesi mara nyingi ni tarehe. Hati inasema tukio ni tarehe 4, mtoto anasema tarehe 14, mama mtu anasema mwezi mwingine kabisa, na upande wa mashtaka haukurekebisha hati. Kwenye kesi ambayo mtuhumiwa anasema siku hiyo nilikuwa safari, tarehe ndo kila kitu.

Umri

Naomba uweke alama kwenye kila sehemu ya mwenendo ambapo umri umetajwa, na nani kautaja. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka siyo ushahidi. Umri aliouandika hakimu kabla mtoto hajaanza kutoa ushahidi, ile mistari ya jina, kabila, dini, miaka, nao wenyewe hautoshi. Inabidi shahidi auseme: mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, ndugu, mwalimu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kitolewe kama kielelezo. Mzazi kusema tu "mwanangu ana miaka 9, alizaliwa tarehe fulani" inatosha, cheti siyo lazima. Mahakama pia inaweza kuchukulia kutokana na mazingira, mfano mtoto yuko darasa la pili, ila huo ni msaada wa kuokoa, usiutegemee.

Kuna kesi mtu kapewa maisha kwa kuwa mtoto alidaiwa kuwa na miaka 9, alafu kwenye rufaa inaonekana hakuna aliyethibitisha kwamba alikuwa chini ya 10, hatia inabaki ila adhabu inashuka mpaka 30. Na kinyume chake kipo, mtu kakata rufaa akiwa na 30, majaji wakaona mtoto alikuwa na miaka 6 na adhabu ya kisheria ilikuwa maisha, wakampa maisha. Ndugu wa mfungwa lielewe hili kabla hamjapeleka karatasi.

Umri wa mshtakiwa nao uangalie. Kijana wa miaka 18 au chini ambaye ni kosa lake la kwanza, kifungu cha 131(2) kinasema adhabu ni viboko, siyo jela. Wapo vijana walioingia gerezani na miaka 17 kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ile ahadi ya mtoto

Hapa ndo nakaa sana, maana hapa ndo kesi nyingi zimefia.

Mtoto wa miaka 14 kushuka chini, sheria ya ushahidi kifungu cha 127 inamuita mtoto wa umri mdogo. Zamani hakimu alikuwa anamfanyia mahojiano marefu ya kumpima kama anajua maana ya kiapo na kama ana akili ya kutosha, na mahojiano yakikosewa ushahidi unashuka thamani au unafutwa. Julai 2016 sheria ikabadilishwa: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla hajaanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Godfrey Wilson ikaelekeza njia rahisi: hakimu amuulize mtoto umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, kama haelewi amuulize kama anaahidi kusema ukweli. Majibu yaandikwe.

Kwenye mwenendo nenda kwenye ushahidi wa mtoto, mara nyingi ni PW1 au PW2, yaani shahidi wa kwanza au wa pili wa mashtaka, soma mistari kabla hajaanza kueleza. Unataka uone kitu kama: "Nina miaka 8. Nasoma darasa la pili. Sijui kiapo. Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo." Ukiona hivo, sawa. Ukiona hakimu kaandika tu "mtoto ni mdogo, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo", hapo pana tatizo.

Kuna faili moja siwezi kulisahau. Mtoto wa miaka 7, kaeleza vizuri kabisa, jina la mtu, mahali, alivyotishiwa, alivyomwambia bibi yake jioni ileile. Daktari kathibitisha. Na juu ya ushahidi wote huo hakuna ile sentensi. Sijui kama mtoto aliahidi na hakimu hakuandika, au hakuulizwa kabisa. Rufaa ikaja, ushahidi wa mtoto ukafutwa kwenye rekodi, kilichobaki ni bibi aliyesikia kwa mtoto na daktari ambaye hakuona nani alifanya. Mtu akatoka. Bibi yule alinisikiliza nikimweleza, akaniuliza, "kwahiyo mjukuu wangu hawajasema amedanganya?" Nikamwambia hapana bibi, hakuna hata mstari mmoja uliosema mjukuu wako kadanganya. Akaniomba nimsomee huo ukurasa tena.

Siku hizi Mahakama ya Rufani imelegeza kidogo. Kwenye kesi ya Wambura Kiginga walisema kifungu cha 127(6) kinajitegemea, kwamba kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mhanga peke yake bila wa kuunga mkono, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli na ikaandika sababu za kuridhika, hata kama kwenye ile ahadi kulikuwa na kasoro. Mimi naona huu ni mwelekeo mzuri, mtoto asilipie uzembe wa mtu mzima aliyeshika kalamu. Lakini usibweteke, soma kama hakimu aliandika hizo sababu kwenye hukumu, na siyo ile ya "nimemuona shahidi ni mkweli" basi, aeleze kwanini: alijibu maswali bila kuyumba, alimtaja mtu mapema, maelezo yanaendana na ya daktari.

Maneno ya mtoto kuhusu tendo lenyewe

Ubakaji kisheria ni lazima kuwe na kuingiliwa, hata kidogo namna gani, kifungu cha 130(4). Shahidi akisema tu "alinibaka" bila kueleza chochote, kuna hukumu zimesema haitoshi. Sasa watoto wetu hawaongei hivo, mtoto anasema "alinifanyia tabia mbaya", "alinifanyia matusi", na hakimu kwa miaka mingi alikuwa anasikia Kiswahili anaandika Kiingereza, unaona wapi maneno ya mtoto yanapotelea. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama lakini mafaili ya zamani bado yako kwenye rufaa.

Majaji wa Rufani kwenye kesi kadhaa wamekubali kwamba mtoto wa mazingira yetu hawezi kutaja kila kitu kwa jina lake, na ile lugha ya kuzunguka inaeleweka ikisomwa pamoja na mengine yote, maumivu aliyoyaeleza, alichokiona mama, alichokikuta daktari. Kwahiyo ukisoma usiangalie neno moja, angalia maelezo yote ya mtoto kama yanaonyesha kitendo chenyewe au yanaishia mlangoni. Yakiishia mlangoni, mahakama inaweza kubadilisha hatia kwenda kosa dogo zaidi kama shambulio la aibu au kujaribu kubaka badala ya kumwachia kabisa.

Msimamo mkuu ni wa Selemani Makumba, 2006: ushahidi bora wa ubakaji unatoka kwa mhanga mwenyewe. Kila hukumu utaikuta. Ila baadae mahakama ikasema pia kwamba maneno ya mhanga siyo kama msahafu, lazima yapimwe. Yote mawili yanakaa pamoja na majaji wanayatumia yote.

Alimtaja lini, na kwa nani

Hiki kipimo majaji wanakipenda sana na mimi nakiamini. Mtoto alimtaja mtu huyo mara ya kwanza lini? Jioni ileile kwa mama, au baada ya mwezi, au baada ya kuchapwa? Kumtaja mtu mapema kunaongeza uzito mkubwa, ni kanuni ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002. Kuchelewa siyo mwisho wa kesi, mtoto aliyetishiwa kuchinjwa atanyamaza na mahakama inalijua hilo, ila sababu ya kuchelewa iwe kwenye rekodi, mtoto mwenyewe awe ameisema. Ukikuta mtoto kataja jina baada ya mama kumchapa na fimbo mpaka aseme, hapo wakili wa mrufani atakaa siku nzima.

Kama tukio lilikuwa usiku na mtu hafahamiki kwa mtoto, utambuzi unapimwa: mwanga wa nini, umbali gani, muda gani. Akiwa ni baba mdogo au jirani anayemuita kwa jina kila siku, hoja hii inapungua nguvu.

Alafu tafuta aliyeambiwa kwanza. Kama mtoto alimwambia shangazi na shangazi hakuletwa mahakamani na hakuna maelezo, majaji wanaweza kuchukulia kwamba angekuja asingeisaidia Jamhuri.

PF3 na daktari

Fomu ya polisi ya matibabu. Angalia vitu viwili. Kwanza, ilipopokelewa kama kielelezo, ilisomwa kwa sauti mahakamani? Utaratibu ni kwamba mshtakiwa aulizwe kama anapinga, ipokelewe, alafu isomwe. Isiposomwa inafutwa, hilo limekaa kwenye hukumu nyingi toka Robinson Mwanjisi, 2003. Pili, kama aliyeijaza hakuja, mshtakiwa aliambiwa haki yake ya kutaka aitwe? Kifungu cha 240(3).

PF3 kufutwa siyo mwisho. Daktari akiwa ameeleza kwa mdomo alichokiona, maneno yake yanabaki hata karatasi ikiondoka. Na hata bila daktari kabisa mtoto anaweza kuaminika. Watu wananiuliza sana DNA: sheria haidai kipimo cha DNA kuthibitisha ubakaji, na kukosekana kwake peke yake hakumtoi mtu.

Utetezi

Ndugu wa mfungwa hapa ndo pa kwenu. Soma alichosema mshtakiwa, alafu soma hukumu uone kama hakimu alikigusa. Kuna hukumu hakimu anaandika kurasa sita za mashahidi wa Jamhuri alafu utetezi unapewa mstari mmoja "nimeukataa". Hiyo ni kasoro ya kweli. Lakini jua kwamba siku hizi mahakama ya rufaa inaweza kuuchukua huo utetezi ikaupima yenyewe, ikiona hautikisi chochote inaendelea. Kwahiyo andika sababu yako mpaka mwisho, siyo "utetezi haukuzingatiwa" tu, sema ulikuwa nini na unajibu nini. Kama ni ugomvi wa shamba, je mshtakiwa alimuuliza mama wa mtoto kuhusu huo ugomvi wakati mama anatoa ushahidi? Kama hakuuliza na kaja kuutoa kwenye utetezi, majaji wanaona ni wazo la baadae. Kutomuuliza shahidi swali juu ya jambo muhimu kunachukuliwa kama kulikubali.

Angalia pia kama hakimu alibadilika katikati ya kesi na mshtakiwa akaelezwa sababu, kifungu cha 214. Haya mengine ya mpangilio majaji wanayapima kwa kifungu cha 388, yaani je kasoro hiyo imeleta kutotendeka kwa haki? Kama hapana, wanapita.

Mwisho wake unaweza kuwa nini

Wanaweza kutupa rufaa. Wanaweza kumwachia huru. Wanaweza kubadilisha kosa au kurekebisha adhabu. Na wanaweza kufuta mwenendo wote na kuamuru kesi isikilizwe upya. Hili la mwisho lina kanuni yake toka Fatehali Manji, 1966: kesi hairudiwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mashimo yake, inarudiwa pale usikilizwaji wa kwanza ulikuwa na kasoro na haki inadai irudiwe. Mama, ukisikia "kesi irudiwe" maana yake mtoto wako aliyetoa ushahidi na miaka 9 ataitwa tena na miaka 14 kueleza kitu ambacho mmehangaika miaka mitano akisahau. Ongea na ustawi wa jamii mapema, usisubiri siku ya wito.

Safari yote ndefu inaonekana kwenye kesi ya mwanamuziki Babu Seya na wanae ambayo kila Mtanzania anaikumbuka. Juni 2004 mahakama ya Kisutu ikawapa maisha, 2005 Mahakama Kuu ikatupa rufaa, Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanae wawili kwa kuona ushahidi dhidi yao hautoshi, yeye na mwanae Papii Kocha wakabaki, 2013 maombi ya mapitio yakagonga mwamba, Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikasema baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilivunjwa. Watu wanachanganya haya mambo, msamaha wa rais siyo rufaa, haufuti hatia, unafungua lango la gereza tu. Na ule mlango wa Arusha mtu binafsi haupiti tena moja kwa moja, Tanzania ilijitoa kwenye lile tamko la kuruhusu watu binafsi na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Mapitio yenyewe ni maombi kwa Mahakama ya Rufani iangalie upya uamuzi wake, ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana kama kosa la wazi kwenye rekodi au kunyimwa kusikilizwa. Siyo rufaa ya tatu. Wafungwa wengi wanaandika mapitio kama rufaa na yanatupwa.

Kama kesi ya mtoto wako bado iko mahakama ya wilaya

Basi bado una nafasi ambayo bibi yule hakuipata. Siku mtoto anatoa ushahidi watu wengine wanatolewa nje, lakini kabla hamjaingia ongea na mwendesha mashtaka, mwambie kwa heshima: "naomba ahadi ya mtoto iandikwe". Ukisimama wewe kutoa ushahidi sema tarehe ya kuzaliwa ya mtoto hata usipoulizwa. Sema mtoto alikuambia lini, saa ngapi, alitumia maneno gani, na alimtaja nani. Usiongezee, usirekebishe maneno ya mtoto yawe mazuri. Na usimfundishe mtoto cha kusema, mtoto aliyefundishwa anajulikana kwenye karatasi, anaongea kama mtu mzima kwenye mstari mmoja na kama mtoto kwenye unaofuata.

Pesa ya wakili kama hamna, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watakupa majina ya waliosajiliwa, na magerezani wapo pia. Kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa toa fotokopi mbili kabla hujampa mtu yeyote zile halisi, moja iache kwa ndugu mwingine nje ya nyumba yako.